Pampu ya Joto Nje ya Chumba cha Mgonjwa

Mume wangu alirudishwa nyumbani majira ya baridi yalipokuwa yanaanza. Walimleta kwa gari la wagonjwa kutoka hospitali ya Westmead hapa Sydney, wakampitisha mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele una ngazi, wakamlaza kwenye kitanda cha chuma tulichoazimwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, mkono hadi mguu, na kimemchukua maneno. Hilo la maneno ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa mtu wa kusema. Alisema na mimi, alisema na majirani, na gari likikataa kuwaka alilisemesha kwa upole kama anayembembeleza mtoto ale.

Sasa alikuwa amebakiwa na neno moja, nalo lilikuwa "maji".

Mara ya kwanza kulisikia tulifurahi. Binti yetu, ambaye ni mtu mzima na anafanya kazi ya zamu kwenye ghala moja karibu na Mount Druitt, alikimbilia jikoni akaja na glasi. Akakumbuka kwamba baba yake haruhusiwi maji mepesi asije akapaliwa, akarudi kuyatia ule unga wa kuyafanya mazito kama uji, akamlisha kwa kijiko. Mume wangu akapokea kidogo, akageuza uso. "Maji," akasema tena, akiwa anamtazama binti yake kwa hasira ambayo sijawahi kumwona nayo kwa mtoto huyo.

Mtaalamu wa usemi aliyekuja wiki ile alinieleza. Ubongo ukiumia mahali pale, wengine hubakiwa na neno moja tu, na neno hilo hutoka bila kujali mtu anataka kusema nini. Akitaka mto atasema maji. Akiumwa atasema maji. Aliniambia nisilifuate lile neno, nimtazame uso na mkono. Hata ndiyo na hapana nisizitegemee, maana zilikuwa zinamchanganyikia. Jambo la ajabu ni kwamba nilipoanza kusoma Alhamdu kando ya kitanda, alinifuata mpaka mwisho, ulimi umelegea lakini maneno yote yamo. Tukimaliza namwuliza kama ana njaa, ananijibu maji.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na nimeshaona wengi wa namna hiyo. Nilijua yule mtaalamu hasemi uongo. Tukaacha kulifuata lile neno.

Chumba tulichomlaza alikijenga yeye mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa St Marys. Ndugu zetu wa Tanga wakisikia Australia wanadhani ni jua mwaka mzima. Hawajui baridi ya huku magharibi mwa Sydney, asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe na wewe uko ndani umevaa koti. Chumba hicho alikuwa amemkusudia mama yake. Alisema mama hatakanyaga sakafu ya baridi, kwa hiyo kabla ya kumwaga zege alitandaza mipira ya kupitisha maji ya moto, mizunguko kwa mizunguko, kisha akavunja sakafu za vyumba vingine akafanya vivyo hivyo. Tuliishi na vumbi mpaka kwenye sukari. Mama mkwe alifariki kabla viza haijatoka, na chumba kikabaki na cherehani yangu na masanduku.

Mashine ya kupasha yale maji ilikaa nje, chini ya dirisha la chumba hicho. Inaitwa pampu ya joto. Ni sanduku kubwa lenye feni, ndugu wa kiyoyozi, ila yenyewe huvuta joto kutoka kwenye hewa ya nje na kulitia kwenye maji yanayozunguka sakafuni. Mume wangu alikuwa fundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi, na hiyo aliitoa kwenye nyumba moja ya upande wa kaskazini wa mji iliyokuwa inavunjwa. Ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, na hilo alilijua. Siku aliyoifunga aliniambia kwamba imezoea nyumba ya tajiri, kwa hiyo tusifunge maji ya chumba hata kimoja, maana ikikosa pa kupeleka joto lake itawaka na kuzima kutwa mpaka ijiue. Aliyasema hayo huku anafuta mikono, na mimi nilikuwa nimeshika bakuli la unga nawaza chapati.

Miaka yote mashine ile ilinguruma taratibu bila kumsumbua mtu. Lakini majira yale aliyorudi mgonjwa ikaanza vituko. Ilikuwa inawaka, feni inazunguka, ukuta unatetemeka kidogo, na kabla sijamaliza kumfunga vifungo vya shati inakata. Inanyamaza. Halafu ndani yake kitu kinagonga, taf, inaanza upya. Sakafu, iliyozoea kuwa na joto la kuweza kulalia, ikawa vuguvugu tu.

Na kila ilipowaka, mkono wa kushoto wa mume wangu ulikamata chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia daktari, naye akamwongezea dawa. Dawa zikamfanya asinzie mchana, mdomo wazi, lakini mkono haukuacha. Ulikamata, ukalegea, ukakamata. Wakati mwingine alisema lile neno lake moja, nami nikamwambia, "Sawa, Baba, sawa," kama tunavyowaambia wazee kazini.

Binti yetu alisema baba anaona baridi. Tangu akiwa mdogo Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake akanilaumu kwamba namwacha baba yake kwenye chumba cha baridi kwa ajili ya mashine mbovu. Nikatafuta kampuni, ikamleta fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Alisimama kando ya kitanda akanisikiliza, kisha akatoka kuiangalia mashine. Aliporudi aliniambia ni kuukuu na ni kubwa mno kwa nyumba hii, dawa yake ni kuibadilisha. Nilipomwambia hilo haliwezekani kwa sasa, alifikiri kidogo, akaenda kwenye kabati la ukumbini ambamo mipira yote ya sakafuni hukutana, akafunga maji ya vyumba vingine ili joto lote lije kwa mgonjwa. Nilimshukuru. Wakati wote huo mume wangu alikuwa akimfuata kwa macho, akipiga godoro kwa kiganja na kusema, "Maji, maji, maji." Yule kijana aliniuliza kama mzee ana kiu. Nikamwambia hapana, ndivyo anavyosema siku hizi.

Sitaki kuipamba hali iliyofuata. Mashine ilizidi. Sasa ilikuwa haimalizi hata pumzi moja, inawaka na kukata, inawaka na kukata, na mume wangu akaacha kula. Nikimletea kijiko anafunga meno. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni nikaikuta kwenye shuka. Mimi nilikuwa natoka kwenye nyumba ya wazee, nimewaogesha na kuwalisha watu wa wenzangu, narudi kumwogesha na kumlisha wa kwangu, na ukuta nao haunyamazi. Siku moja nilikaa garini nje ya nyumba yangu mwenyewe, nimeshika usukani, sitaki kuingia.

Siku ya mapumziko yangu, mchana, nilikwenda nje nikaizima kwenye swichi kubwa ya ukutani. Nilichotaka ni kusikia kimya tu. Nilirudi ndani nikamkuta mume wangu ameuachia mkono. Ulikuwa umelala juu ya blanketi, vidole vimekunjuka, na uso wake umeelekea dirishani kama mtu aliyesikia mgeni anabisha. Nikakaa pale kitandani nikimtazama. Kisha nikatoka, nikaiwasha, nikarudi mbio. Ilipogonga taf na kuanza, mkono ulikamata chuma. Ilipokata kabla ya wakati, alifumba macho na kuyafinya, kama fundi anavyofinya akiona mwanafunzi wake anakosea.

Nikamwinamia. "Baba, ni mashine?"

"Maji," akasema. Machozi yakamtoka, yakaingia sikioni, nami nikayafuta.

Sikutaka kumwuliza zaidi kwa maneno. Tuliambiwa maneno yanamchanganya, na niliona yanavyomtesa. Nilimwita binti yetu, tukamvika mume wangu koti na kofia, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu, tukamsukuma kuzunguka nyumba mpaka mbele ya mashine yake. Kulikuwa na jua lile la baridi lisilochoma. Tangu augue hakuwa ameiona. Aliitazama kwa muda mrefu, akaitazama na bustani iliyoota magugu, kisha akaigeukia tena mashine.

Nilizima umeme. Nilichukua mkono wake wa kushoto nikauweka ndani ya mkono wangu, na kwa mkono mwingine nikaanza kugusa vitu, kimoja kimoja, kama tunavyomfundisha mtoto sehemu za mwili. Nikagusa feni. Hakuna kitu. Nikagusa nyaya. Akavuta mkono kwa uchungu kama namchelewesha. Nikagusa geji ya kupima msukumo wa maji, akatikisa kichwa. Nikafuata bomba linalorudi kutoka sakafuni, na mahali linapoingia kwenye mashine palikuwa na kifundo cha shaba chenye kifuniko, kama goti. Nilipokigusa, alinibana vidole mpaka nikaguna.

Binti yetu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba baba bado yumo ndani mwake. Alilisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe.

Kulikuwa na vali mbili za kufungia maji, moja kila upande wa kile kifundo. Nilizifunga zote mbili huku namtazama uso, nikaona ameridhika. Nilichukua spana kutoka kwenye sanduku lake, nikakosa saizi, akanung'unika. Nikachukua nyingine, akanyamaza. Kifuniko kilipofunguka yalitoka maji meusi, mazito, yenye harufu ya chuma, yakanimwagikia viatuni. Ndani kulikuwa na chujio, wavu mdogo wa chuma ambamo maji yote ya sakafuni hupita. Nilipoutoa haukuwa wavu tena. Ulikuwa umejaa tope jeusi mpaka vitundu vyote vimezibika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwaka kabla ya baridi nilikuwa namwona amechuchumaa pale na mswaki wa zamani, nami nilidhani ni kupenda tu kuchezea vitu vyake. Mwaka huu wakati wa kazi hiyo alikuwa hospitalini. Mashine ilikuwa inapasha yale maji machache yaliyoweza kupenya, yanapata moto upesi, yenyewe inadhani kazi imekwisha na kujizima. Kisha yanapoa, inaanza tena. Na yeye alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta, anajua ugonjwa na anajua dawa, na anatuambia kwa neno ambalo safari hii lilikuwa ndilo lenyewe, nasi tunamletea kijiko.

Niliusugua wavu kwa mswaki kwenye ndoo mpaka ukang'aa, nikamwonyesha kwenye jua. Nikaurudisha, nikafungua vali, nikaongeza maji mpaka mshale wa geji ulipofika pale aliponibana mkono. Binti yetu akatoa hewa kwenye mipira, ikafoka kama sufuria ya wali. Tulipowasha, mashine ilinguruma kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi kunguruma tangu arudi. Lakini haikudumu. Ikakata, na yeye akapiga mkono wa kiti.

Tukamwingiza ndani kwenye joto, au kwenye lile vuguvugu letu. Nilipokuwa nampitisha ukumbini alishika ukingo wa lile kabati la mipira na hakuuachia. Nilifungua mlango. Vali zilizofungwa na yule kijana zilikuwa zimekaa kando ya ile moja ya chumba cha mgonjwa. Ndipo maneno yake ya siku ile ya chapati yalinirudia. Mashine ile kubwa ilikuwa inapewa chumba kimoja cha kupasha, kama kummiminia mtu ndoo nzima kwenye kikombe. Nikazifungua zote: chumba chetu, cha binti, sebule, stoo. Kila niliyoifungua, mume wangu alipumua.

Jioni ile joto la sakafu lilianza kurudi, kwanza karibu na mlango, halafu katikati. Mashine iliendelea kunguruma, sauti moja, chini, bila kugonga. Alikula uji wote. Alilala kabla sijamfunika, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, umefunguka. Mimi na binti yetu tulikaa sakafuni migongo ukutani, miguu mitupu. Aliniegemea bega. Nilifikiri tumevuka.

Kwa wiki mbili tatu ilionekana hivyo. Alinenepa kidogo mashavuni. Halafu nikaanza kuona kitu ambacho sikukitaka. Alikuwa ametulia mno. Zamani kila mashine ilipowaka alikuwa yupo, hata kama ni kwa hasira. Sasa ilinguruma sawasawa naye hakuisikiliza. Aliacha kugeuza uso dirishani. Mtaalamu wa mazoezi akimwinua mguu, aliuacha uanguke. Lile neno lenyewe alilisema mara chache, kisha siku nzima ikapita bila kulisema. Nilipoanza Alhamdu alinifuata mpaka katikati akaniachia niendelee peke yangu.

Nilimsukuma nje tena kwenye jua. Niligusa kile kifundo cha shaba, nikaushika mkono wake nikisubiri. Hakubana. Alikuwa anatazama uzio.

Binti yetu ndiye aliyelisema. Tulikuwa ukumbini, mbele ya lile kabati, na safari hii alilisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuvunjika, labda ili nisiweze kujifanya sikusikia. "Mama, tufunge tena? Ili baba apate kitu cha kukasirika?"

Niliweka mkono kwenye vali ya kwanza. Nakumbuka ilivyokuwa na joto. Nilikumbuka pete kwenye shuka, na vile vidole vyeupe, na nikakumbuka pia macho yake siku ile mbele ya mashine, macho ya mtu aliyeko kazini. Sikujua kipi ni huruma na kipi ni ukatili. Nikautoa mkono. Binti yetu akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa kabati akalia, nami nikamshika kiunoni, tukabaki hivyo mpaka birika la umeme la jikoni likajizima.

Kuelekea mwisho wa baridi alipaliwa na uji. Kidogo tu, akakohoa, akanyamaza. Baadaye homa ikapanda na kifua kikaanza kukoroma. Tulirudi naye Westmead. Madaktari walinieleza taratibu, wakitumia maneno ambayo mimi mwenyewe huwaambia watu wengine, na nikaitikia kwa kichwa pale ambapo watu hao huitikia. Hakusema neno lolote tena. Alifariki mchana, watu wanapita na trei za chakula kwenye korido.

Dada yake alipiga simu kutoka Tanga akitaka arudishwe nyumbani, azikwe karibu na mama yao. Shehe alizungumza naye kwa upole, akamweleza kwamba mtu huzikwa alipofia na haipendezi kumchelewesha. Tulimzika huku, upande wa makaburi ya Waislamu, na watu wengi walikuja, Watanzania, Wakenya, Wakongo niliokuwa nawajua kwa sura tu kutoka kituo cha treni. Wanawake walipika pilau nyumbani kwangu siku kadhaa. Kisha wakarudi makazini kwao, kama inavyopasa.

Joto la kiangazi lilipoanza, simu yake ilianza kuita. Sikuwa nimeifunga. Walikuwa wateja wake wa miaka, wanataka viyoyozi vyao viangaliwe. Nikawa napokea na kuwaambia. Wengi walisema pole, halafu wakauliza kama namfahamu fundi mwingine. Sikuwalaumu; nyumba za huku zinaungua kwa joto. Mama mmoja mzee hakuuliza. Alisema mume wangu alikuwa akizungumza na kiyoyozi chake muda wote anapokitengeneza, kwa lugha asiyoijua, na kwamba siku zote alitaka kumwuliza alikuwa anakiambia nini. Nikamwambia kwamba huenda alikuwa anakibembeleza. Alinishukuru, akaniuliza kama nina watu nyumbani. Nikamwambia ninaye binti. Kisha nikampa namba ya fundi aliyekuwa mwenzake mume wangu, nikatoka kwenda kuanua nguo kabla hazijakakamaa juani.